Silaha Yenye Kuua Kidogo

Nyinyi vijana wa kikosi mulioniambia niandike, najua mulitaka habari za vyeo. Hizo mutazitafuta ku mabega ya wengine. Mimi nilivaa nguo ya polisi hapa Kindu mpaka kifua kikakataa, na mwezi huu nimerudisha kofia, ngao na rungu ya mupira. Masomo yangu yaliishia ku shule ya musingi, kwa hiyo mutanivumilia. Ninaandika kama ninavyosema, na watu waliofanya mabaya nitawataja kwa majina, maana wao hawakuona haya kuyafanya muchana mweupe.

Nianze na siku iliyonileta ku kazi hii. Siku hiyo sikuwa polisi bado.

Ilikuwa wakati wa vita. Waasi walikuwa wameshika muji, na mu pori kando ya muji kulikuwa wapiganaji wengine wamewazunguka. Treni ilikuwa imekufa. Chumvi haikuwepo, tulikuwa tunakula sombe, majani ya muhogo, tamu-tamu kama dawa ya watoto. Siku moja boti kubwa ya mbao ikafika kutoka Ubundu na magunia ya chumvi, na muji muzima ukateremuka ku kivuko. Nilienda na yaya Mariamu, dada yangu mukubwa, yeye njo alinilea. Alikuwa ameshika bakuli ya kupokelea.

Mwenye muji siku zile alikuwa Komanda Anaclet, wa waasi. Alikuwa amesema ile chumvi ni ya askari wake na wachuuzi wake. Watu wakakataa kuondoka. Hakuna aliyeshika hata fimbo. Anaclet akawaambia polisi, wale wa serikali aliowakuta mu muji na kubaki nao, wafungue masanduku ya zamani ya lakrimo, ule moshi wa kutoa machozi.

Sasa sikilizeni namna walivyosimama, maana kazi yenu yote iko hapo. Maofisi yetu yako juu, ku mutaa wa Kasuku, na muto uko chini. Polisi wa Kindu tangu zamani walifundishwa kulinda ofisi kwanza. Kwa hiyo walisimama mugongo ku ofisi, uso ku muto, wengine wakafunga kando ku ukuta wa depo na kando ya pili ku mawe. Watu wakabaki kati ya ngao na muto wa Lualaba. Komanda wa muji mwengine angeuona muto kwanza. Wetu waliona ofisi tu.

Moshi ulipotoka, hakuna aliyeona kitu. Kila mutu alikimbia kule ambako hakuna ngao, na kule kulikuwa maji. Watu waliruka mu mitumbwi, wengine juu ya wengine, na mitumbwi ikageuka. Yaya Mariamu alinisukuma mpaka mukono wangu ukapata kamba ya ile boti. Mimi nikashika. Yeye hakushika kitu. Tulimuokota amekufa, kule chini muto unakoteremukia, mu majani.

Kesho yake watu wa mutaa walienda kwa Anaclet kuuliza. Akawajibu: "Nani ameua? Hatukupiga risasi hata moja." Na alisema kweli, hakuna risasi iliyopigwa. Anaclet ni muzima mpaka leo. Yuko ku muji mukuu, tumbo limemutangulia, na watu wanamuita mheshimiwa.

Vita ilipokwisha, serikali ikatafuta watu wa kuingiza mu polisi. Nikaenda. Jirani zangu wakaniuliza: "Unaenda kuvaa nguo ya wale waliomuua yaya yako?" Nikawaambia njo sababu. Nilitaka kujua mu yale masanduku kuna nini, na ni nani anayesema yafunguliwe.

Siku ya kwanza nilikabiziwa kwa mukubwa wa kikundi chetu, Adjida Mbuyi, mzee wa Kasai, baba yake alikuja hapa na reli. Alikuwa mutu wa kanisa, akisugua ngao anaimba wimbo wa Mungu, akimaliza wimbo anakutukana kidogo, kisha anaanza wimbo mwengine.

"Unaitwa nani?"

"Ramazani."

"Ramazani, iko na mikono ya jembe. Vizuri. Ngao nayo ni jembe. Ukishika vibaya inakukata weye."

Akanipa ngao iliyopasuka, imeshonwa na waya. Nilikaa nayo miaka, mpaka nikaizoea kuliko kitanda. Akanifundisha vitu ambavyo vitabu vyenu vinavipita mbio. Maski yetu ya kukinga moshi ilikuwa ya zamani, ndani yake unavuta jasho lako mwenyewe, kwa hiyo usijione umekingwa. Lakrimo ya siku nyingi inatoa moto kuliko moshi, usiishike mu kiganja ukifikiri-fikiri. Ikikuingia mu macho, usisugue, geukia upepo, acha machozi yafanye kazi yake. Na upepo wa Lualaba asubui unapanda muji, jua likikolea unageuka. Ukisahau hiyo, unajipikia na kujilisha mwenyewe. Niliona kikosi kizima kikilia mbele ya wanafunzi, na wanafunzi wakawapa maji.

Mbuyi alikuwa na tabia moja. Wakisema kesho kuna maandamano, yeye alivua kofia, akanunua karanga, akazunguka kila kichochoro akitafuna na kuongea na wauzaji. Alinichukua naye. Tukirudi ananiuliza:

"Watu watapita wapi?"

"Barabara ya soko, Adjida."

"Hiyo ni njia ya kuja. Nimekuuliza njia ya kurudi."

Kama siijui njia ya kurudi, ananirudisha niende kuitafuta peke yangu, bila karanga.

Alikufa juzi-juzi, mzee kabisa, ku kitanda chake. Ku polisi hiyo nayo ni kama medali.

Mugeni wa kwanza wa kutufundisha alikuwa muzungu, kati ya wale waliokuja kutuliza vita. Alisema Kingereza, na kijana mumoja wa hapa alikuwa anageuza ku Kiswahili. Ku meza aliweka bomu ya lakrimo, bunduki ya risasi za mupira na rungu.

"Anasema vitu hivi vyote jina lao ni non-lethal," kijana akasema. "Maana yake, silaha isiyoua."

Nyuma ya darasa kulikuwa ofisa wetu mumoja, Lietna Shindano, mutu wa hapa-hapa, mwenye haraka. Akasema kwa sauti: "Basi tutapiga bila hofu." Watu wakacheka.

Mbuyi akanyosha mukono. "Mutoto wangu, muulize huyu bwana. Mutu akikimbia moshi, akaingia mu muto, akakufa, ni nani amemuua?"

Kijana akageuza. Muzungu akaangalia vile vitu vyake, kisha akajibu polepole.

"Anasema silaha haijui kama kuna muto. Komanda njo anajua."

"Muambie aksanti," Mbuyi akasema. "Amejibu vizuri. Lakini ku sanduku hawakuandika hivyo."

Ku sanduku kweli ilikuwa imeandikwa lile neno tu. Na neno likaanza kutembea. Kwanza lilikuwa la darasani, kisha la redio: polisi wametumia silaha zisizoua. Kisha likawa la mudomo wa kila mutu mwenye kushika rungu. Zamani mutu akipiga alijua amepiga. Sasa alipiga, akasema ametumia isiyoua, utafikiri amegawa supu. Niliona bomu moja ya lakrimo ikianguka juu ya nyumba ya majani ku mutaa wa Mikelenge. Nyumba ikaisha yote. Watu walitoka wazima, na jioni ku redio wakasema hakuna madhara. Mwenye nyumba alikuwa anasikiliza hiyo redio kwa jirani, maana ya kwake ilikuwa imeungua.

Lakini kesi iliyonikaa ku koo ni ya Alimasi.

Alimasi alikuwa mwanafunzi. Waliandamana kwa sababu ya umeme, vijana wenye kuimba na kuruka, hakuna zaidi. Risasi ya mupira inapigwa kwa mbali, na inapigwa ku miguu. Lietna Shindano aliipiga kwa karibu, kama kutoka hapa nilipokaa mpaka ku mulango, na aliipiga ku uso. Nilikuwa kando yake. Nilimubeba Alimasi ku pikipiki mpaka hospitali, mimi nyuma nimemukumbatia, yeye kati, damu yake ku shati yangu.

Njiani akaniambia: "Papa polisi, mulisema haiui."

"Haijakuua. Uko unasema."

"Jicho njo imekufa."

Dereva akaacha kupiga honi. Shindano hakuulizwa kitu. Aliandika kwamba silaha isiyoua ilitumiwa, wakubwa wakasoma, wakaona ni vizuri. Baadaye wakamupandisha. Alimasi leo anatengeneza simu ku soko ya Kasuku. Anasema jicho moja linatosha kwa vis, ile misumari midogo ya kuzungusha, ila watu wanafikiri kila saa anawakonyezea. Ameoa. Akinitengenezea simu ananitoza kama muteja yeyote, na mimi nalipa bila kupunguziwa.

Miaka ikapita, akaja mwalimu wa pili. Huyu alikuwa mama, mweusi kama sisi, kutoka inchi nyingine ya Afrika wanakosema Kingereza. Yeye hakusema lile neno la kwanza. Alisema less-lethal. Mwenye kugeuza akakuna kichwa.

"Anasema ni silaha yenye kuua... kidogo."

Darasa lilivunjika. Mimi mwenyewe niliuliza: "Inaua kidogo namna gani, madamu? Mutu anakufa magoti, kichwa kinabaki?"

Yule mama alicheka mpaka akavua miwani. Akaipanguza, akaivaa, na alipoanza kusema hakuwa anacheka tena. Akasema: kwetu pia walituletea neno la kwanza, tukaliamini, na tukazika watu. Wenye kuzika njo walidai neno libadilike. Akatueleza kwamba mpaka leo yanatembea yote mawili. Wauzaji wengi wanapenda la kwanza, maana nani atauza kitu kwa kusema kinaua kidogo? Waganga wa hospitali wanapenda la pili, maana wao njo wanaona vichwa na macho. Kuna karatasi za serikali zenye maneno yote mawili ku ukurasa mumoja, kama watu wawili walikuwa wanaziandika bila kusemezana.

"Na sisi tushike lipi?" Mbuyi akauliza.

"Shikeni lenye kuwabakisha na hofu."

Basi, vijana, hiyo njo maana yake, na nimeishika mpaka mwisho. Mukiandika ripoti, hata nyuma ya hilo la pili musifiche kitu. Andikeni kilichopigwa, kwa mbali gani, na kilimugusa nani wapi. Ripoti zangu zilikuwa na makosa ya kuandika, lakini mutu alikuwa anaonekana ndani yake.

Mwaka wangu wa mwisho tukaletewa mukubwa mupya, Komisere Béatrice, binti wa Katanga, mudogo kuliko mutoto wangu wa kwanza. Wengi walinong'ona. Mimi sikunong'ona, nilikuwa nimechoka kutumainia wakubwa. Naibu wake alikuwa Shindano.

Halafu ikaja habari ya kivuko. Sisi wa Alunguli, ng'ambo, tunavuka na mitumbwi. Asubui moja ilitoka amri kwamba mitumbwi imekatazwa, watu wote wavuke na boti moja ya mufanyabiashara mumoja, Bwana Hamadi, rafiki wa wale waliotoa amri. Wapiga kasia na mama wauzaji wakaja kukaa ku kivuko upande wa Kasuku, wakasema hawatoki. Kati yao alikuwa Mama Salima, bibi yangu wa ndoa, muuza samaki wa moshi. Nilikuwa nimemuomba abaki nyumbani. Aliniambia: "Weye nenda ku kazi yako, na mimi nende ku yangu."

Wakubwa wakapiga simu: kivuko kisafishwe, kuna wageni wanafika. Mu gari kulikuwa masanduku.

Kabla ya kuteremuka, Komisere Béatrice akauliza: "Nani anaijua hii pahali?"

Watu wakaniangalia. Nikamuambia habari ya yaya Mariamu kwa maneno machache, maana mangi hayakutoka. Akasikiliza akiangalia chini. Hakusema pole, wala hakusema atafanya nini. Nikafikiri, haya, ni kama wengine.

Tulipofika, miguu ya kikosi ilienda yenyewe pale ilipozoea: mugongo ku ofisi, uso ku muto, wengine ku ukuta wa depo, wengine ku mawe. Watu wakasongamana chini. Mama Salima alikuwa mu maji mpaka vifundo vya miguu, na nyuma yake Lualaba imejaa, ilikuwa musimu wa mvua. Bibi yangu hajui kuogelea. Nilikuwa nimesema mu roho yangu kama sanduku likifunguliwa nitatupa ngao chini na kwenda kumushika mukono, na wanifanye watakacho. Jiwe likaruka, likapiga kofia ya mutu.

"Madamu," Shindano akasema, "ni sasa. Ni moshi tu. Haiui mutu."

Komisere Béatrice alimusikia. Akageuka kwetu.

"Wa kuume, fungueni barabara ya soko, yote. Wa kushoto, munifuate. Rungu ku mukaba. Sanduku ibaki ku gari."

Mimi nilikuwa wa kushoto. Akapita kando ya ukuta, kati ya mama na mabeseni yao, akisema "samahani, mama, samahani," mpaka chini. Akaingia mu maji. Akaendelea kuingia mpaka magoti. Sisi nyuma yake, na viatu, na ngao, kama kuku waliofukuzwa.

"Sasa mugeuke. Mugongo ku muto."

Tukageuka. Nimefanya kazi hii miaka na miaka, na sikuwahi kuuona muji kutoka pale. Juu kulikuwa Shindano na redio yake, kati yetu watu, na kando yake barabara nyeupe, wazi.

"Madamu," akaita, "nikipiga itawafikia nyinyi."

"Njo maana niko huku."

Kisha nikasikia sauti ninayoijua kuliko zote, ya bibi yangu, ikiniita kwa jina la mutoto wetu.

"Papa Salima, maji ya nyumbani yamekwisha, ao umekuja kuoga hapa kusudi wanawake wakuone?"

"Na anaoga na viatu," mama mwengine akasema.

Kicheko kikaanza hapo, kikapanda mpaka juu. Nikasema: "Mama Salima, panda. Njia iko wazi."

"Nani amekuambia niko na haraka?"

"Panda, ninakuomba."

"Unaniomba kama polisi ao kama bwana yangu?"

"Kama mutu mwenye kushika ngao mu maji baridi."

Aliniangalia, akaangalia muto nyuma yangu. Nadhani hapo njo alielewa tulikuwa tumesimama wapi na kwa nini.

Komisere Béatrice akawauliza nani anawasemea. Wakasema Mama Salima, na mupiga kasia mumoja mzee. Akawaambia barabara ile inafika ku ofisi ya meya, na yeye atatangulia mbele yao ili musitari wa juu usiwaguse. Wakapandisha mabeseni ku kichwa. Wazee walienda polepole, mama mumoja akarudia kandambili yake, na sisi tukabaki mu maji mpaka wa mwisho akatoka. Ile baridi njo ilimalizia kifua changu, daktari alisema hivyo. Namusamehe Komisere. Masanduku yalirudi ku depo kama yalivyotoka.

Amri ya mitumbwi ilikaa siku chache, ikaondolewa kimyakimya. Boti ya Bwana Hamadi iko, inabeba watu wanaopenda kukaa ku benchi.

Sisemi kwamba haki imefika. Anaclet hajaulizwa. Shindano amepewa karatasi za kustaafu kabla yangu, na alipigiwa muziki. Nimewataja ili munapowasikia wakisifiwa mujue. Lakini hasira yangu haitoshi kujaza ukurasa muzima, maana juma lililopita nilipita pale ku kivuko. Timu ya mupira ilikuwa inarudi kutoka ng'ambo na kombe, na muji ulikuwa umejaa chini kuipokea. Vijana wa kikosi walikuwa wametumwa, Komisere hakuwepo. Barabara ya soko waliiacha wazi, na wao walikuwa mu maji, mugongo ku muto. Wameongeza akili kuliko sisi: viatu walivifunga kamba, wakavitundika ku shingo.

Mama mumoja alikuwa anaosha sombe hapo kando, amekasirika.

"Ondokeni hapo, munanivurugia maji."

"Vumilia, mama. Watu wapite kwanza."

"Kila siku nyinyi mu maji. Muko vyura?"

"Ndiyo, mama. Vyura wa serikali."

Nilisimama juu ya barabara na kikapu changu, nikasikiliza wakigombana hivyo-hivyo, mpaka watu wote wakapita na yule mama akapata maji yake.